Kutoka ofisi ya chuo hadi ofisi ya makumbusho: safari ya Johnnetta Cole na dhamana ya mali ya wakfu

Swali: Shikamoo Profesa. Mimi ni makamu mkuu wa chuo cha ualimu mkoani Tanga na nimefundisha historia kwa miaka kumi na tisa. Hivi karibuni nimeombwa kupeleka maombi ya kuongoza makumbusho madogo ya jamii yaliyo chini ya bodi ya wadhamini. Wenzangu wananiambia kuwa makumbusho ni ya wanaakiolojia na kwamba mtu wa chuo atapotea huko. Nimesoma kwa ufupi habari za Johnnetta Cole wa Marekani, aliyeongoza vyuo viwili kisha akaongoza makumbusho. Je, aliweza kwa sababu ni kazi moja yenye majina mawili, au alilazimika kujifunza upya? Na kama ni moja, ni kazi gani hasa?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Swali lako nimelisoma mara mbili, kwa kuwa wengi huniuliza namna ya kupata cheo na wachache huniuliza cheo chenyewe ni kazi gani. Nitaanza na jibu, kisha nieleze nimelipata wapi. Kazi ni moja. Mkuu wa chuo na mkurugenzi wa makumbusho wote ni wasimamizi wa mali isiyo yao, iliyoachwa na watu ambao wengi wamekwisha kufa, kwa manufaa ya watu ambao wengi hawajazaliwa. Sisi wa pwani tunalo neno la hali hiyo tangu zamani: wakfu. Zanzibar ipo hata Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na ukilitafakari jina hilo utaona limebeba karibu yote ninayotaka kukueleza.

Kwanza tuelewane juu ya cheo, maana kinachanganya. Kwetu Tanzania, Mkuu wa Chuo Kikuu ni mtu wa heshima anayetunuku shahada siku ya mahafali, na mtendaji wa kila siku ni Makamu Mkuu wa Chuo. Marekani mtendaji huyo huitwa rais wa chuo. Bodi ya wadhamini ndiyo humteua na ndiyo humwondoa, na katika vyuo binafsi, ambavyo haviendeshwi kwa ruzuku ya serikali kama vyuo vyetu vya umma, sehemu kubwa ya muda wake huenda katika kutafuta fedha na kuzieleza kwa wenye kuzitoa.

Johnnetta Betsch Cole alizaliwa Jacksonville, jimbo la Florida, mwaka 1936, wakati sheria za ubaguzi wa rangi zikitawala majimbo ya kusini. Baba wa babu yake mzaa mama, Abraham Lincoln Lewis, alikuwa mmoja wa waasisi wa kampuni ya bima ya watu Weusi iliyoanzishwa mjini humo mwaka 1901. Nalitaja hilo mapema kwa sababu nadhani lina uzito kuliko linavyopewa: binti huyu alikulia katika ukoo uliokuwa ukishika senti za maskini kwa ahadi kwamba siku ya msiba zitarudi. Aliingia Chuo Kikuu cha Fisk akiwa na umri wa miaka 15, akahamia Oberlin alikomaliza shahada ya kwanza mwaka 1957, kisha akasomea anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Northwestern, chini ya Melville Herskovits, mwanaanthropolojia aliyebobea katika tamaduni za Afrika. Utafiti wake wa uzamivu aliufanya Liberia, kuhusu kazi za jadi na kazi za mshahara, na shahada yenyewe aliipata mwaka 1967. Baadaye alifundisha katika vyuo vikuu kadhaa, akashiriki kujenga masomo ya watu Weusi katika miaka ambayo masomo hayo yalikuwa yakipiganiwa, na katika Chuo Kikuu cha Massachusetts akaonja utawala akiwa msaidizi wa mkuu wa taaluma.

Wenzako wanaosema makumbusho ni ya wanaakiolojia wangefurahi kusikia kwamba alikuwa mwanaanthropolojia, wakadhani hiyo ndiyo siri. Mimi sidhani hivyo. Anthropolojia ilimpa jambo moja kubwa, nalo ni mazoea ya kukaa na watu na kuwauliza wanaonaje mambo yao kabla ya kuwaamulia. Mwalimu wa historia aliyezoea kukusanya masimulizi ya wazee anayo mazoea hayo hayo.

Sasa tuje Spelman, kwani hapo ndipo jina lake lilipojengwa. Chuo hiki cha wanawake Weusi kilianza mwaka 1881 mjini Atlanta, katika chumba cha chini cha Kanisa la Kibaptisti la Friendship, kwa juhudi za wanawake wawili Wazungu kutoka kaskazini, Sophia Packard na Harriet Giles. Kwa zaidi ya miaka mia moja kilifundisha wanawake Weusi bila kuongozwa na mmoja wao hata siku moja. Mwaka 1976, bodi ilipomteua rais mwanamume kwa mara nyingine, wanafunzi waliwafungia wadhamini ndani ya chumba cha mkutano kwa zaidi ya saa 24 wakidai mwanamke Mweusi. Hawakupata walichotaka mwaka ule. Walikipata mwaka 1987, Cole alipoteuliwa kuwa rais wa saba. Watu walimwita Dada Rais, na jina hilo alilipenda na kulitumia. Ukilisikiliza kwa sikio la Kiswahili utaelewa mara moja: kumwita mkubwa wako dada ni kumheshimu, na papo hapo ni kumdai, maana dada hana ruhusa ya kusema halijui jambo lako.

Wakati wa kusimikwa kwake, mwaka 1988, mchekeshaji Bill Cosby na mkewe Camille walitangaza zawadi ya dola milioni 20 kwa chuo. Hadi siku ile hakuna mtu binafsi aliyewahi kukipa chuo cha watu Weusi fedha nyingi kiasi hicho. Kampeni ya kuchangisha iliyofuata katika kipindi chake ilipita dola milioni 113. Watu hushangazwa na tarakimu hizo, lakini mimi nataka uangalie zilivyotumika. Sehemu ilijenga jengo la masomo lililopewa jina la Camille Cosby, ambalo ndani yake kilifunguliwa mwaka 1996 kitu ambacho bodi nyingi zingekiita anasa: makumbusho ya sanaa ya chuo, yanayoshughulika na kazi za wanawake wenye asili ya Afrika. Kwa hiyo Cole hakuhamia makumbusho uzeeni kama mtu anayebadili kazi, kwani alikuwa ameshayaweka ndani ya chuo miaka kumi na tatu kabla ya kukabidhiwa ya taifa.

Sehemu nyingine ya fedha za namna hii huenda kwenye mfuko wa kudumu, na hapa naomba subira yako, kwani bila kuuelewa mfuko huo hutauelewa uongozi wa taasisi yoyote ya aina hii. Mfuko wa kudumu wa chuo cha Marekani hufanya kazi kama shamba la minazi la wakfu: shamba haliuzwi, nazi ndizo huuzwa. Vyuo vingi hutumia takriban asilimia 4 hadi 5 ya thamani ya mfuko kwa mwaka na kuliacha shina likue. Ukiwa na shilingi bilioni 1, basi unazo kama milioni 50 za kutumia mwaka huu na kila mwaka, na ukizidisha kwa sababu wafanyakazi wanadai au paa linavuja, umekata minazi. Rais mwenye mfuko mkubwa anaweza kumwambia mfadhili mbaya hapana. Asiye na mfuko hutabasamu na kusaini, hata kama moyoni anajua anachokisaini.

Ndiyo maana kipindi chake cha pili, katika Chuo cha Bennett kule Greensboro, North Carolina, kinanifundisha zaidi kuliko cha kwanza, ingawa huandikwa kwa mistari miwili. Bennett ndicho chuo kingine cha wanawake Weusi nchini Marekani, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuviongoza vyote viwili. Alikwenda huko mwaka 2002 akiwa na miaka 65, umri ambao wengi wetu tumeshakabidhi funguo, akakuta chuo kidogo chenye madeni. Aliondoka mwaka 2007 akikiacha kimetulia kuliko alivyokikuta. Lakini shida ya Bennett ilikuwa ya shina, yaani mfuko mdogo na wanafunzi wachache, na shida ya namna hiyo haimalizwi na mtu mmoja kwa miaka mitano. Mwishoni mwa 2018 chombo cha ithibati kiliamua kukiondolea uanachama kwa sababu ya fedha. Wahitimu na marafiki walichanga zaidi ya dola milioni 8 ndani ya wiki chache, ilhali walikuwa wameombwa milioni 5, na bado uamuzi haukubadilika. Chuo kikalazimika kutafuta ithibati ya chombo kingine. Ile harambee ilikuwa ya ajabu na mimi huikumbuka kwa heshima. Hata hivyo fedha za dharura si wakfu. Huzima moto, na kesho yake nyumba bado haina bati.

Mwaka 2009 alikabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Afrika, mojawapo ya makumbusho ya Smithsonian, taasisi ya taifa ya makumbusho na utafiti iliyoko jijini Washington, akayaongoza hadi mwaka 2017. Taasisi hii nayo ilianza kidogo: mwaka 1964 Warren Robbins aliifungua kwa juhudi binafsi katika nyumba aliyowahi kuishi Frederick Douglass, mtumwa wa zamani aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa, ikaingia Smithsonian mwaka 1979, na mwaka 1987 ikahamia jengo jipya ambalo sehemu yake kubwa iko chini ya ardhi. Hapo, Mwalimu, ndipo penye jibu la nusu ya pili ya swali lako. Ndiyo, alijifunza upya. Chuoni mali yako kuu huja Septemba na huondoka Mei kwa miguu yake, ikiwa na shahada mkononi. Makumbushoni mali haisemi. Haitakuambia inaliwa na mchwa, wala haitakuambia ilitoka vipi kwa mwenyewe. Kwa hiyo alitegemea watunzaji wa mikusanyo na wahifadhi waliojua mbao, shaba na nguo kuliko yeye, na kazi yake ikawa kuwatetea mbele ya wenye fedha, kama alivyowatetea wahadhiri.

Katika kipindi chake taasisi ilipokea kutoka Oman dola milioni 1.8 kwa programu za kuonyesha uhusiano wa nchi hiyo na Afrika Mashariki kupitia Bahari ya Hindi. Watu wa Muscat, Unguja, Mombasa na Lamu hatukuhitaji kuambiwa kwamba jamaa zetu wako pande zote mbili za bahari, ila kwa Mmarekani anayeingia makumbusho ya Afrika akitarajia vinyago vya Afrika Magharibi pekee, kuona picha za zamani za bandari zetu kulikuwa somo jipya. Nilifurahi zawadi ile ilipotangazwa, na bado naiona ni njema. Lakini msomaji makini atauliza mara moja: serikali ikilipia maonyesho ya historia ya bahari ambayo ndani yake kuna ndoa na biashara na pia kuna utumwa, nani anachagua picha na nani anaandika lebo? Sisemi kwamba palikuwa na kosa. Nasema kwamba swali hilo lazima liwe na jibu la maandishi kabla fedha hazijaingia benki.

Na sasa jambo zito kuliko yote katika safari yake. Novemba 2014, makumbusho yakiadhimisha miaka 50, yalifunguliwa maonyesho yaliyoweka kazi za wasanii Weusi wa Marekani kando ya kazi za Afrika ili zizungumze. Takriban kazi 60 ziliazimwa kutoka mkusanyo wa Camille na Bill Cosby. Katika majuma yale yale, shutuma za wanawake wengi kwamba Cosby aliwadhulumu kingono zilienea nchi nzima. Yeye alizikana. Alikuja kutiwa hatiani mwaka 2018, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya jimbo la Pennsylvania ikatengua hukumu hiyo kwa sababu za haki zake katika mwenendo wa kesi. Julai 2015 umma ulijua kwamba familia hiyo ilikuwa pia imetoa dola 716,000, karibu gharama yote ya maonyesho. Camille Cosby alikuwa katika bodi ya ushauri ya makumbusho na ni rafiki wa mkurugenzi. Mwezi huo huo Spelman, chuo kile kile kilichopokea milioni 20, kilifuta nafasi ya uprofesa iliyobeba jina la Cosby na kurudisha fedha zake. Makumbusho hayakufunga maonyesho. Yaliweka tangazo mlangoni likieleza kwamba hayaungi mkono mwenendo huo na kwamba maonyesho ni ya kazi za sanaa na wasanii, si ya wamiliki. Cole aliandika kwamba angalizijua shutuma zile mapema, asingeendelea na maonyesho hayo.

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka, na nitakupa maoni yangu bila kuzunguka. Alikuwa sahihi kutozishusha picha. Wasanii wale hawakumdhulumu mtu, na kuwaondoa kungekuwa kuwaadhibu kwa kosa la aliyezinunua kazi zao. Lakini haikuwa sawa kwamba mkopeshaji wa kazi, mlipaji wa gharama, mjumbe wa bodi na rafiki wa mkurugenzi walikuwa watu wa nyumba moja, na umma haukuelezwa waziwazi tangu siku ya kwanza. Hata kama asingeshutumiwa mtu yeyote, mkusanyo binafsi unaoonyeshwa katika makumbusho ya taifa hupanda thamani, na mwenye nao ndiye hufaidi. Nasema haya nikiwa ninamheshimu sana mama huyu. Urafiki uliojenga Spelman mwaka 1988 ndio uliomfunga macho mwaka 2014, na mwalimu mwenzangu, kwetu ambako mfadhili huwa pia mjomba, jirani au mbunge, jambo hili litakukuta haraka kuliko lilivyomkuta yeye.

Wanaokuambia mtu wa chuo atapotea, wakumbushe pia Vartan Gregorian, Muarmenia aliyezaliwa Tabriz, Iran. Alikuwa mwanahistoria, hakuwahi kuendesha maktaba, lakini mwaka 1981 alikabidhiwa Maktaba ya Umma ya New York iliyokuwa imechakaa baada ya miaka ya ukata wa jiji. Aliichangishia zaidi ya dola milioni 300, akaitengeneza, kisha mwaka 1989 akaenda kuwa rais wa Chuo Kikuu cha Brown, njia iliyo kinyume na ya Cole. Kuanzia 1997 hadi alipofariki mwaka 2021 aliongoza mfuko wa hisani wa Carnegie wa New York, ambao tangu mwaka 2000 uliungana na mifuko mingine kusaidia vyuo vikuu vya Afrika, vikiwamo Makerere na Dar es Salaam. Huyo hakupotea.

Turudi kwako. Nakushauri uombe nafasi hiyo, lakini siku ya usaili usiishie kujibu, nawe uliza. Uliza hati ya kiwanja na ya jengo iko kwa jina la nani. Uliza paa lilikaguliwa lini na nani, maana sote tuliona tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo lililokuwa makumbusho yenye fahari kuliko yote Unguja, ilipoporomoka wakati wa ukarabati na kuua watu wawili. Uliza kama kuna mfuko wowote usioguswa, hata wa milioni 5, na kama haupo, omba bodi ikubali kwa maandishi kuuanzisha mwaka wako wa kwanza. Halafu uliza utaratibu wa kupokea zawadi: nani huamua, na zitatangazwa wapi na lini. Jibu likiwa kwamba mwenyekiti huamua mwenyewe, usikimbie, ila ujue kazi yako ya kwanza ni ipi.

Kisha uombe kuliona daftari la kuingizia vitu. Katika bodi moja niliyokaa, ya makumbusho madogo kama hayo yako, daftari lilikuwa na jalada la kitambaa cheusi lililofungwa kwa uzi wa mkonge, na katika ukurasa wa nne palikuwa na kiti cha enzi cha mpingo kilichonakshiwa kwa pembe, chenye mgongo uliosukwa kwa kamba nyembamba. Safu ya maelezo ilisema "zawadi". Safu ya jina la mtoaji ilikuwa tupu. Siku moja alikuja bibi mmoja na wajukuu zake wawili, akasimama mbele ya kile kiti kwa muda mrefu, akaeleza kwa upole kwamba marehemu mumewe alikiazimisha kwa ajili ya maonyesho ya wiki moja. Alijua ufa ulioko chini ya mkono wa kushoto, tukakigeuza, ukawapo. Tulihitaji karibu miaka miwili ya vikao, tukiwa na aibu, kufika kwenye makubaliano: kiti ni cha familia, kinakaa kwetu kwa mkopo wa maandishi, na jina la babu limeandikwa kwenye lebo. Kwa Smithsonian, mwaka 2022, miaka mitano baada ya Cole kuondoka, swali kama hilo lilikuwa la kazi 29 za sanaa za ufalme wa kale wa Benin, ulioko katika Nigeria ya leo, zilizoporwa na jeshi la Uingereza mwaka 1897, na umiliki wake ukarudishwa Nigeria.

Basi ulifungue daftari hilo na uhesabu safu ya mtoaji ni tupu mara ngapi. Ikiwa ni zaidi ya nusu ya vitu, iambie bodi kabla hujasaini mkataba, na uombe mtumishi mmoja na mwaka mmoja wa kuzunguka vijijini na picha za vitu hivyo, kuwauliza wazee vilitoka kwa nani.